Jina Chini ya Karatasi Nyekundu

Ipoh, 18 Februari 1991

Kwa Wai-Kwan, mjukuu wangu wa nyumba ya pili,

Barua hii nimeituma itangulie, ikungoje kwa mwenye nyumba ya wageni hapo Guangzhou, China, kwa maana nakujua. Ukishashuka kwenye treni utataka kukimbilia kijijini kabla ya kumsikiliza mtu. Kaa kwanza. Agiza chai. Soma.

Mama yako bado amenuna. Jana nilikwenda kibandani kwake kula tambi, akanimiminia mchuzi bila kuniangalia.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyemjaza mtoto maneno," akaniambia. "Nani anaondoka kwao siku ya pili ya mwaka mpya wetu, eti anakwenda kutafuta watu waliomtupa mama yake kwenye ngazi za hekalu?"

Nikamwambia hukwenda kuwatafuta hao, umekwenda kwa ajili ya marehemu bibi yako.

"Basi akirudi nitampiga kwa kiatu cha kitambaa. Cha kutoka huko huko."

Watu waliokuwa wanakula wakacheka. Yeye hakucheka.

Sasa sikiliza, maana huko hakuna atakayekueleza mambo haya. Kwao ni kama kumweleza mtu jinsi ya kushika kijiko. Katika vijiji vya Shunde, msichana husukwa fundo la nywele na mama yake siku ya kuamkia harusi. Bibi yako Yuk-Sim na rafiki yake Au Ngan walikuwa na miaka kumi na minane, wote wawili wakifanya kazi kiwandani, kuvuta nyuzi za hariri kutoka kwenye maji ya moto. Waliamua kutoolewa. Wakachukua vitana, wakafunga mafundo yao kwa mikono yao wenyewe mbele ya mizimu, wakaapa. Wanawake wa namna hiyo huitwa waliojichana. Kiapo hakirudishwi, na aliyekivunja zamani alitupwa mtoni ndani ya tenga la nguruwe.

Lakini mwanamke aliyejichana hana ruhusa ya kufia nyumbani kwa baba yake. Kwa hiyo kumi na wawili wao waliungana wakanunua nyumba moja ya kuzeekea, na ukumbini wakaweka vibao vya majina yao. Jina la aliye hai hufunikwa kwa karatasi nyekundu. Akifa, dada zake wa nyumba ile huibandua, na kuanzia hapo jina hupata ubani wake na wali wake wa sikukuu. Jina lililofunikwa halipewi kitu.

Bibi yako amekufa tangu Julai. Jina lake bado limefunikwa. Niliandika mara mbili kuwapa taarifa ya msiba. Au Ngan alijibu kwa kulia, wenzake hawakujibu. Ndiyo maana umebeba kitana chake. Mkabidhi mkuu wa nyumba, Bibi Mok Sei, mkono kwa mkono, umwombe alifungue jina kabla ya tarehe tano Aprili, siku ya kusafisha makaburi. Yuk-Sim hakuwahi kuniomba kitu kwa ajili ya nafsi yake ila hicho: kukaa kando ya Au Ngan.

Wakikuuliza maswali, jibu unayoyajua tu.

Mimi jirani yako,
Mwalimu Tse

*

Shunde, 2 Machi 1991

Shikamoo Mwalimu,

Nilikunywa chai. Nilisoma. Kisha nikapanda basi, na feri mbili, na pikipiki ya mtu aliyekuwa amebeba bata.

Nyumba ipo. Ni ya matofali ya kijivu, mbele yake bwawa la samaki, kando ya bwawa miforosadi michache iliyobaki, miti ya kulishia viwavi wa hariri. Kati ya wale kumi na wawili wamebaki watatu. Bibi Mok Sei ana miaka themanini na moja na mgongo wake umenyooka kuliko wangu. Bibi Lo ni kiziwi anapotaka. Wa tatu ndiye Au Ngan wetu, mdogo, mwembamba, vidole vyeupe kwenye ncha kwa sababu ya yale maji ya moto ya zamani.

Nilipiga magoti mbele ya Bibi Mok Sei, nikatoa kitana kwa mikono miwili. Hakukipokea.

"Wewe mtu wa nani?"

"Mjukuu wa Leong Yuk-Sim, bibi."

"Waliojichana hawana wajukuu."

Nikamweleza kwamba mama yangu aliokotwa kwenye ngazi za hekalu, Bibi Yuk-Sim akamlea.

"Aliokotwa!" Akamgeukia Bibi Lo. "Umesikia? Aliokotwa."

"Nani kaokota nini?" akauliza Bibi Lo.

"Mwaka ule viwanda vilipofungwa," Bibi Mok Sei akaniambia, "bibi yako na huyu Au Ngan walipanda mtoni kwenda Wuzhou, wanatafuta kazi. Miezi saba. Au Ngan akarudi peke yake, amekonda kama fimbo. Bibi yako hakurudi. Alipanda meli Hong Kong na kitoto mgongoni, watu wetu walimwona bandarini. Wewe umesoma. Piga hesabu."

Au Ngan alikuwa pembeni anaosha mboga. Aliosha jani moja, Mwalimu, jani lile lile, mpaka likachanika.

"Jina lake hatukulitupa kwa sababu huyu alitulilia," akamalizia Bibi Mok Sei. "Hata miaka ile ya kuvunja vitu vya kale, alivifunga vibao vyote kwenye turubai akavizika kwenye tope la bwawa, na cha bibi yako kimo. Lakini kukifungua, hapana. Kitakaa hivyo hivyo mpaka kioze."

Ndipo Au Ngan akasema neno lake la kwanza: "Mtoto ametembea sana. Apewe maji ya miguu." Akaniletea beseni, akainama aninawishe mwenyewe. Nilikataa, nikaona aibu, mtu mzima vile. Alinishika kifundo cha mguu kama mtu anayeshika kuku. Akaiangalia miguu yangu muda mrefu.

Nimepewa kitanda hapa. Kumbe kufukuzwa na kulishwa vinaweza kwenda pamoja.

Nakuuliza jambo moja, nawe unijibu wazi. Ni kweli? Bibi alimzaa mama?

Wai-Kwan

*

Ipoh, 10 Machi 1991

Wai-Kwan,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeisoma mara tatu, nikatoka nikamwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa.

Yakupasa uelewe kwanza kwa nini Bibi Mok Sei ni mkali. Wanawake wale hawakuwa na mume wala mtoto wa kuwatetea. Walikuwa na heshima yao tu, na heshima ile ilikuwa ya pamoja: mmoja akianguka, kijiji kizima kiliwaita wote malaya. Viwanda vingine viliwafukuza wasichana wote wa nyumba moja kwa kosa la mmoja. Kwa hiyo usimwone mtu mbaya. Analinda mlango aliokabidhiwa.

Lingine, kuhusu Wuzhou. Mwaka 1935 bei ya hariri ilikuwa imeanguka dunia nzima, na wavuta nyuzi wengi walipanda mtoni kutafuta kazi. Hakuna la ajabu katika safari ile.

Na kuhusu kitoto bandarini, wakati ule watoto wa kike walitelekezwa wengi, na waliojichana wengi walichukua mabinti wa kulea ili wapate wa kuwazika.

Nimesoma tena niliyoandika. Umeniuliza swali fupi, nami nimekujibu kwa somo la historia. Nisamehe. Kuna neno nililomwahidi mtu ambaye sasa amelala, na sijapata kujua kama kifo chake kinanifungua au kinanifunga zaidi. Vumilia. Kaa karibu na Au Ngan. Msaidie kazi za mikono.

Mama yako ameuliza kama unakula. Nimemwambia unakula.

Mwalimu Tse

*

Shunde, 19 Machi 1991

Mwalimu wangu,

Nimesoma barua yako pale bwawani, nikacheka kwa hasira mpaka Bibi Lo akasikia.

Hebu nikuambie ninachofikiri. Mtu mmoja ameandika barua zote za bibi yangu kwa miaka arobaini. Mtu huyo huyo alikuja kula kwetu kila Jumapili, hakuoa, alinifundisha kusoma kabla sijaanza shule, na alilia kwenye mazishi kuliko mama. Sasa naambiwa bibi alizaa, na mtu huyo anasema amefungwa na ahadi. Nikuite Babu? Kama ndivyo, sema tu. Sitakasirika. Nitakasirika kidogo.

Lakini hata kama ni hivyo, bibi ndiye anayekosa wali wake, siyo wewe.

Sasa nikupe habari ya bati. Kitandani kwa Au Ngan, upande wa ukutani, kuna bati la biskuti lililoliwa na kutu. Juzi alinituma nilichukue, akalifungua. Ndani kuna karatasi kumi na nane, na kila karatasi ina unyayo mmoja uliochorwa kwa kuuzungushia kalamu. Wa kwanza hauzidi kidole changu cha kati. Wa mwisho ni wa mwanamke mzima. Pembeni kuna miaka; ya vita haimo. Mwandiko wa ile ya mwisho ni wako, Mwalimu: 1957.

Mama aliwahi kunisimulia! Kila mwaka mpya alisimamishwa juu ya karatasi, bibi akamchora mguu, "kwa fundi viatu wa China", na miezi miwili baadaye viatu vya kitambaa vikafika. Alivichukia, wenzake shuleni walimcheka. Alipokwisha kuolewa alikataa kusimama: "Mama, mguu wangu umeshakua, haukui tena!"

Kumbe fundi ni huyu. Nilimwambia, "Bibi, umemshonea mama yangu viatu miaka yote hiyo, kwa sababu tu ni mtoto wa rafiki yako?"

Akasema, "Mtoto akitembea vizuri, na mimi nalala vizuri."

Nilimwonea huruma kwa upendo aliompa bibi. Kisha akaniomba jambo. Anataka nimpeleke Wuzhou. Ana miaka sabini na sita na hajatoka kijijini tangu vita. Bibi Mok Sei akamuuliza, "Utafuata nini huko na magoti hayo?" Akajibu, "Nimesahau kitu." Bibi Mok Sei: "Miaka hamsini na tano?" Naye: "Ndiyo. Kizito."

Tunapanda boti Ijumaa.

Wai-Kwan

*

Ipoh, 27 Machi 1991

Wai-Kwan,

Nianze na la babu, tuliondoe njiani.

Nilifika Ipoh mwaka 1947, nimetoka Penang na sanduku moja la vitabu. Siku ya kwanza nilipomwona bibi yako, alikuwa anamfukuza mama yako uani kwa ufagio, na mama yako alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo wa watu wanne. Hesabu hiyo naweza kukuachia upige mwenyewe. Si mimi.

Mengine uliyoyaorodhesha ni kweli. Jumapili, mazishi, na kutooa. Yuk-Sim alikuwa na fundo lake la nywele, nami nilijua maana ya fundo lile kabla sijajua jina lake. Alikuja kwangu siku ya kwanza na karatasi: "Wewe ni mwalimu, niandikie." Nikamwandikia. Nimeandika barua zake mia mbili na zaidi. Yangu sikuiandika. Hayo yanatosha.

Sasa uliloniambia kuhusu bati. Nilijua kwamba viatu vinatoka kwa Au Ngan. Kila barua ya mwaka mpya nilikuwa naikunja na karatasi ya unyayo. Kwa miaka minne nilidhani ni wema tu, kama unavyodhani wewe. Mwaka 1951 ikaja barua yake, iliyoandikwa na karani wa sokoni, nikamsomea Yuk-Sim kwa sauti kama kawaida. Kulikuwa na sentensi moja humo. Nilipoifikia, bibi yako alininyang'anya karatasi mkononi, yeye asiyejua kusoma. Kisha akaniapisha. Ahadi niliyomwekea haikuwa ya kumlinda yeye.

Sisemi zaidi. Ninakuomba tu, mkirudi kutoka Wuzhou au mkiwa bado huko, kwanza muulize mwenye viatu, na unapomuuliza, vua viatu vyako.

Mwalimu Tse

*

Wuzhou, 30 Machi 1991

Kwa Mwalimu Tse, mwandishi wa rafiki yangu,

Anayeandika ni Wai-Kwan, mimi nasema. Nimemwambia aandike ninavyosema na asipambe. Analia, kwa hiyo ukiona wino umetawanyika usidhani ni mvua.

Tumekuja hapa kwa boti. Hekalu na nyumba yake ya watawa havipo tena, pamejengwa ghala la mbolea. Lakini ngazi za mawe zinazoshuka mtoni zipo. Nimekaa kwenye ngazi ya tatu. Watawa walinipa chumba kinachotazama ngazi hizi, na Oktoba 1935 nikajifungua humo mtoto wa kike. Mimi, Au Ngan. Baba yake alikuwa mtu wa kiwandani; jina lake sijalitaja miaka yote na leo silitaji.

Yuk-Sim hakuwa na mimba yoyote. Alikuja kunishika mkono. Tulikuwa tumepanga tumwache mtoto kwa watawa. Siku ya thelathini nilimfunga kwenye kitambaa, nikaja naye mpaka hapa nilipokaa, nikashindwa kupanda na nikashindwa kushuka. Yuk-Sim akamchukua. Akasema, "Mimi naenda ng'ambo, huko hakuna anayenijua. Wewe rudi, mama yako mgonjwa. Watasema ni wangu. Waache waseme." Nikasema nitawaambia ukweli. Akasema, "Ukiwaambia watakuua, na mimi nitakuwa nimebeba mtoto bure."

Nikarudi. Wakasema. Nikawaacha waseme. Nilikula wali wa nyumba ile miaka hamsini na tano kwa heshima ya mtu mwingine.

Mwalimu, mimi ndiye niliyemwambia karani aandike kwamba kidole cha pili cha mtoto ni kirefu kuliko cha kwanza, kama changu. Ulikuwa ujinga wa siku moja. Nilikuwa nimeitazama karatasi ile ya unyayo mno. Najua kwamba ulielewa, kwa sababu baada ya hapo ulianza kuandika pembeni mambo ambayo hayakuwa ya Yuk-Sim: amemaliza shule, ameota jino la nyuma, ana sauti kubwa. Asante.

Huyu mtoto aliye mbele yangu ana kidole hicho hicho. Nilikiona kwenye beseni siku ya kwanza nikakiosha mara mbili.

Nakufungulia ahadi. Mwambie Choi-Ha, mama wa huyu anayeandika, kwamba hakutupwa kwenye ngazi. Alikabidhiwa. Mkono kwa mkono. Akitaka kunichukia, ni haki yake, ila ajue hilo.

Mimi narudi nyumbani kusema. Tarehe tano haipo mbali.

Au Ngan (hii hapa ni alama ya kidole changu)

*

Shunde, 9 Aprili 1991

Mwalimu,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia ukumbini.

Siku ya makaburi tuliamka tukapika kuku, wali, na maziwa yale ya kugandishwa ambayo bibi aliyasifia maisha yake yote. Majina manane, mabakuli manane. Jina la tisa la marehemu, lake, halikuwa na bakuli. Bibi Mok Sei alikuwa ameketi anawasha ubani. Au Ngan akamwambia, "Dada, subiri." Akapanda kwenye kigoda kabla sijamzuia, akakichukua kibao chake mwenyewe, akakibandua karatasi, akamwekea Bibi Mok Sei mapajani.

"Nitoe," akasema. "Mtoto alikuwa wangu. Yuk-Sim alibeba tu."

Bata wa jirani walikuwa wanapiga kelele bwawani.

"Sema tena," akasema Bibi Mok Sei.

Akasema tena, yote, Wuzhou, ngazi, mwezi mzima, meli. Alisema wima, mikono imeshuka, kama msichana anayesoma somo darasani. Bibi Mok Sei hakumtazama hata mara moja. Alikitazama kile kibao. Alipomaliza, Bibi Mok Sei akanyoosha mkono kwangu.

"Kitana."

Nikampa. Akasimama, akaenda mbele ya jina la bibi, akaingiza ukucha chini ya karatasi na kuibandua taratibu kutoka juu mpaka chini. Mwalimu, majina mengine yamepauka kwa moshi na tope la bwawa. La bibi linang'aa. Karatasi ililitunza. Leong Yuk-Sim, dhahabu tupu, kana kwamba limeandikwa jana. Akaweka kitana mbele yake, akaniambia nimpelekee bakuli. Nikampa wali wake.

Kisha Bibi Mok Sei akaingia chumbani kwake na kibao cha Au Ngan mkononi, akafunga mlango.

Siku tatu hakula nasi. Au Ngan alifungasha vitu vyake kwenye mfuko mmoja, akauweka karibu na mlango, lile bati juu yake. Nilimwambia twende Ipoh. Akasema, "Mtu hahamii kwa mtu ambaye hajamwita." Siku ya pili Bibi Lo alikwenda kugonga ule mlango kwa mwiko.

"Mok Sei! Tumebaki watatu! Tukifukuzana, nani atawasha jiko?"

Kutoka ndani: "Wewe si kiziwi?"

"Nikiwa na njaa nasikia!"

Leo asubuhi nimekwenda kufagia ukumbi. Kibao cha Au Ngan kipo mahali pake, kando ya cha bibi. Juu yake kuna karatasi nyekundu mpya, gundi ya uji bado mbichi, inachuruzika.

Bibi Mok Sei alikuwa mezani anakunywa uji. Hakugeuka. "Mwambie huyo mwenzio," akasema, "mtu habandui jina lake mwenyewe. Jambo hilo hufanywa na dada zake, siku yake ikifika. Na autoe mfuko wake mlangoni, nitajikwaa."

Au Ngan alikuwa nyuma yangu. Alisikia. Alikaa palepale chini, kwenye kizingiti, akaanza kufungua mfuko.

Mimi nitabaki hapa wiki mbili zaidi. Mama amejua? Niambie hata kama ni vibaya.

Wai-Kwan

*

Ipoh, 20 Aprili 1991

Mjukuu wangu,

Jina linang'aa. Nimeisoma sentensi hiyo moja mara nyingi kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Jumapili niliweka bakuli la pili mezani, nikala polepole.

Mama yako amejua. Barua ya Au Ngan ilinifikia tarehe tisa, nami niliingoja saa ya kibanda kuwa tupu, baada ya chakula cha mchana. Nilitaka kumtayarisha kwanza. Nikaanza na bei ya hariri ya mwaka 1935.

"Mwalimu," akasema, "nina mifupa jikoni. Sema."

Nikamsomea. Alikuwa anakata vitunguu vya majani, akaendelea kukata mpaka mwisho wa barua, na vitunguu vilikwisha kabla yake. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Vile viatu ni yeye?" Nikasema ndiyo. "Vyote?" Vyote. "Hata vile vyekundu vya darasa la nne, nilivyovitupa kwenye mfereji?" Nikasema sina taarifa za vile vya mfereji.

Alifunga kibanda. Katika miaka yote niliyomjua, hajawahi kukifunga mchana. Siku kumi hakunisemesha. Nilikula tambi kwa jirani, mbaya sana.

Leo asubuhi amekuja mlangoni kwangu na karatasi ya kufungia nyama, na kalamu yangu mwenyewe aliyoiiba wiki iliyopita. "Nichore mguu," akaniambia, "mgongo wangu hauinami." Mzee wa miaka sabini na miwili nikapiga magoti sakafuni. Nilikuwa sijashika karatasi ya unyayo wake tangu 1957. Karatasi iliteleza, kwa hiyo mwambie Au Ngan mstari wa kisigino asiuamini sana.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi hiyo pamoja na barua yake. Hakunipa nimwandikie. Ameiandika mwenyewe.

Mwalimu Tse

*

Ipoh, 20 Aprili 1991

Kwa mwenye viatu,

Sijui nikuiteje, tutaona.

Mguu umepanuka. Nasimama jikoni tangu alfajiri na jioni unavimba, kwa hiyo usikate kitambaa kwa kipimo cha zamani. Kidole cha pili bado kirefu, acha nafasi.

Vyekundu sitaki. Vyeusi.

Usivitume kwa posta. Nitavifuata mwenyewe.

Choi-Ha